525x ya nini dada? Kuhusu darubini ya nyota ukiwa Dar

Swali la leo ni la dada mmoja wa Tabata: "Kaka habari, mwanangu yuko darasa la sita, kwa sasa hasikii haambiwi, ni nyota na sayari tu. Nataka nimnunulie darubini tuwe tunaangalia uwani. Nimeona moja onlaini laki mbili na nusu, wameandika inakuza mara 525, inakuja na stendi na begi. Ikibidi naweza kufika mpaka laki sita. Hiyo inafaa? Na kwa mataa haya ya Dar kweli tutaona kitu? Na picha kwa simu inawezekana?"

Salama dada. Nianze na la haraka maana najua muuzaji anakusukuma na zile meseji za imebaki moja tu: hiyo usinunue. Wala sio ishu ya bei, hata wangekushushia mpaka laki moja ningekwambia hivyo hivyo.

Hiyo 525 haijatoka hewani, ngoja nikuonyeshe inapotokea. Ukuzaji wa darubini yoyote ile ni hesabu ya kugawanya tu, unachukua urefu wa fokasi wa darubini yenyewe (umbali kutoka kwenye kioo au lenzi mpaka pale mwanga unapokutana kutengeneza picha) unagawanya kwa urefu wa fokasi wa kile kilenzi cha jichoni. Nyingi za bei hiyo ni za kioo cha milimita 76 na fokasi ya milimita 700, mara nyingine utakuta wameandika kabisa 76700 kwenye boksi, ndani wanakuwekea kilenzi cha milimita 4, sasa 700 gawa kwa 4 unapata 175, afu wanakupa na kale kabomba kanaitwa balo kanakozidisha mara tatu, 175 mara 3 ndo hiyo 525 yao. Kwa hiyo hesabu hawajadanganya. Ila kioo cha upana huo kinakusanya mwanga wa kiasi fulani tu na kina mwisho wake wa kutenganisha vitu vidogo, ukishapita hapo unachokuza ni ukungu, picha inakuwa kubwa na giza na imevurugika, huoni kitu kipya hata kimoja. Kanuni ambayo wazoefu wanaitumia ni mara mbili kwa kila milimita ya upana, yaani milimita 76 inaishia kama mara 150, na hapo ni usiku hewa imetulia vizuri na vioo vimekaa sawa. Usiku wa kawaida Dar mambo mengi mazuri unayaona kati ya mara 30 na mara 120. Basi. Tangazo linaloanza na ukuzaji badala ya upana wa kioo, we pita tu kama hujaliona.

Na hata hiyo 525 tungeisamehe, kuna stendi. Stendi za hizo darubini ni vile vimiguu vitatu vyembamba vya alumini, ukigusa kurekebisha fokasi tu mwezi unaanza kucheza sindimba, unasubiri utulie, ukitulia unakuta umeshatoka kwenye picha kwa sababu dunia inazunguka. Mtoto atajaribu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu ile kitu inahamia juu ya kabati na haishuki tena. Mi naamini watoto wengi waliosemwa wamechoka na nyota walichoka na stendi.

Kwa hiyo ukiwa unachagua angalia vitu viwili kwa mpangilio huu, upana wa kioo au lenzi, afu uimara wa inapokaa. Upana ndo unaamua mwanga unaoingia, na unapanda kwa mraba, kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga karibu mara tatu na nusu ya lenzi ya milimita 70, japo ukilinganisha upana wenyewe hata mara mbili haufiki. Darubini ziko za lenzi, ile ndefu nyembamba unaangalia kwa nyuma, na za kioo, bomba nene unachungulia kwa ubavuni karibu na mdomo wa juu. Za lenzi hazina usumbufu, ila kwa hela ileile za kioo zinakupa upana mkubwa zaidi. Halafu kuna aina moja ya kioo nikuonye nayo, bomba lenyewe fupi kama nusu mita lakini wameandika fokasi milimita 1000 na upana 114, hapo kuna lenzi ya ziada imefichwa ndani ya shingo ya fokasi, ni shida kulinganisha vioo vyake na mara nyingi picha haikai vizuri. Achana nayo.

Sasa stendi, hapa Dar tuna jambo letu ambalo vitabu vingi vya kizungu havikuambii. Kuna stendi za kiikweta, zile zina mkono umeinama na mzigo wa chuma kwa chini, muuzaji atakwambia hizo ndo za kitaalamu na Ulaya kweli wanazipenda. Zile zinataka mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga ambayo anga lote linaonekana kuizunguka, na uinuke kwa nyuzi sawa na latitudo ya ulipo. London ni kama nyuzi 51. Dar ni nyuzi 7 hivi tu kusini mwa ikweta, maana yake mhimili unalala karibu bapa kabisa, stendi nyingi za bei ya chini hazishuki mpaka huko, na hata zikishuka ule mzigo unaanza kugonga miguu ya stendi. Na maelekezo yanakwambia tafuta nyota ya kaskazini, Polaris, wakati kwetu Polaris iko chini ya upeo haichomozi hata siku moja, na ncha ya kusini nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo kwenye ukungu na mataa na mapaa ya majirani, nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno huioni ukiwa mjini. Kwa mtu anayetaka kuangalia tu na mwanae uwani, hiyo ni kujipa kazi.

Chukua ya Dobson. John Dobson alikuwa mtawa kule San Francisco, hakuwa na hela, miaka ya 1960 akawa anatengeneza darubini kubwa kwa vitu vya hovyohovyo, bomba la karatasi ngumu, mbao, na stendi yake ni boksi tu la mbao linalozunguka kwa chini na bomba linainuka na kushuka, hamna gia hamna nini, unasukuma kwa mkono. Hazitikisiki. Kuna ndogo za kuweka juu ya meza au stuli, milimita 100, 114, 130, na kuna za kusimama chini za milimita 150 na 200. Kwa laki sita yako lenga zile ndogo za mezani, na ukiwa na ndugu anayerudi kutoka nje akubebee kwenye begi ndo vizuri zaidi maana usafirishaji na ushuru ndo unakula hela. Na kama utabahatika kupata bomba peke yake la mtumba, kioo kizima, stendi imevunjika, usiogope, nenda Keko na vipimo kwa fundi seremala yeyote anayejua kazi, plaiwudi nzito ya milimita 18, chini unabandika fomeka na vipande vitatu vya tefloni vya kutelezea, hiyo ndo siri yote ya Dobson, tefloni juu ya fomeka, inateleza ukisukuma na ukiacha inasimama palepale.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau sana, binokula. 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni milimita 50. Hiyo inabaki na chenji kwenye bajeti yako, mwezi unaona mashimo yake makubwa, miezi ya Jupita unaiona ukiegemeza mikono ukutani, Kilimia ndo usiseme, vile vinyota vilivyojikusanya pamoja ambavyo wazee walivitumia kujua msimu wa kulima, kwa darubini kubwa Kilimia haiingii yote kwenye picha ila kwa binokula inakaa yote na inapendeza. Pete za Zohali tu ndo hutaziona, na kwa mtoto wa darasa la sita najua Zohali ndo kila kitu, kwa hiyo kwa kesi yako bado nakushauri darubini. Ila kama ungekuwa mwenyewe tu unaanza ningekwambia binokula na kiti cha kulalia.

Mataa. Hapa watu wa Dar mnajikatisha tamaa bure. Mataa yanaua vitu hafifu vilivyosambaa, galaksi, nebula nyingi (yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani), na Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga unaokatiza anga, ukiwa Tabata sahau. Lakini mwezi na sayari mataa hayazigusi kabisa, zinang'aa vya kutosha, Jupita kutoka Kariakoo na Jupita kutoka Mikumi ni ileile. Na sisi tuna bahati moja kubwa, kwa vile tuko karibu na ikweta sayari zinapita juu sana karibu na utosi, unaziangalia kupitia hewa nyembamba. Kati ya 2018 na 2020 watu wa London walikuwa wanaiona Zohali chini kabisa, inapanda nyuzi 16 hivi inaanza kushuka, picha inachemka kama inaonekana ndani ya maji, wakati huohuo kwetu ilikuwa inafika nyuzi 75. Afu giza letu linaingia mapema mwaka mzima, saa moja na nusu usiku tayari anga ni nyeusi, mtoto anaangalia saa nzima na bado saa tatu yuko kitandani. Ulaya mwezi wa sita mtoto anasubiri mpaka usiku wa manane.

Usianze na mwezi mpevu. Kila mtu anakimbilia huo na ndo mbaya kuliko yote, jua linaupiga kwa mbele hamna kivuli, unaona sahani nyeupe inaumiza macho. Anza siku ya saba au ya nane tangu uandame, nusu yake inawaka, angalia kwenye ule mstari mwanga unapokutana na giza, pale vivuli ni virefu na mashimo na milima vinasimama kabisa. Na mwezi wa siku hizo jua likizama wenyewe uko juu utosini unakusubiri. Jupita utaona michirizi miwili na vile vimiezi vinne alivyoviona Galileo mwaka 1610, mwambie kijana achore vilipo leo afu achore tena kesho, vitakuwa vimehama, hiyo inamteka mtoto kuliko picha yoyote ya intaneti. Zohali mwaka 2025 pete zake zilituelekea kwa ubavu zikawa mstari tu, sasa zinafunguka taratibu na kila mwaka zitakuwa nzuri zaidi, ukuzaji wa mara 50 unatosha kuona kwamba hii kweli ina pete.

Na nje ya sayari, kusini tuna vitu ambavyo wenzetu wa kaskazini wanalipa nauli kuja kuviona. Mwezi wa tano mwishoni mpaka wa sita, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama vizuri kusini, pembeni yake kushoto kuna nyota mbili kali, ile ya mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, ni jirani yetu wa umbali wa miaka nuru 4.3 hivi, ukiiweka kwenye darubini ukakuza kama mara 100 inagawanyika zinakuwa nyota mbili, na mataa ya mjini hayazuii. Juu ya hapo kuna Omega Kentauri, mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, mjini itaonekana kama pamba ya kijivu, ila ukitulia nayo inaanza kuwa na chengachenga. Mwezi wa nane mkia wa lile kundi la nyota la Nge uko juu kabisa na pale karibu na mwiba wake kuna makundi mawili ya nyota yanaonekana bila shida. Halafu Januari na Februari, vuli imeisha na masika bado, kundi la nyota la Orioni linapita utosini hasa, nebula yake ni nyuzi kama moja na nusu tu kutoka katikati ya anga ukiwa Dar. Hapo Dobson inasumbua kidogo, ikielekea juu moja kwa moja inakuwa ngumu kuizungusha, we iwahi mapema kabla haijafika juu au isubiri ishuke. Machi mpaka Mei ni masika, usinunue Machi utakaa na boksi ndani.

Sasa nije kwenye adui mwenyewe maana sio mataa, ni unyevu. Hewa ya hapa ina maji na chumvi, na lenzi ikikaa kwenye begi lililofungwa kwenye chumba chenye joto inaota kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu ikishakula ile rangi ya juu ya lenzi hata ukiisafisha alama inabaki. Begi lile wanalokupa ndo nyumba ya kuvu. Nunua ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vilenzi vyote vya jichoni na binokula humo pamoja na silika geli, zile pakiti zinazokuja kwenye viatu ni ndogo, tafuta za kununua kwa uzito, zenye rangi zinazobadilika zikijaa maji, zikibadilika unazikausha kwenye oveni moto mdogo unarudishia. Bomba lenyewe liache sehemu inayopitisha hewa, vifuniko juu yake, mbali na dirisha linaloelekea baharini kama unalo.

Kama nyumbani mna AC ndo usikilize hapa vizuri. Kitu cha baridi ukikitoa kwenye chumba cha AC ukakipeleka uwani kinatoka jasho palepale, kioo chote kinakuwa maji. Usikifute! Ukifuta unakwaruza. Itoe mapema, saa kumi na moja jioni, ikiwa imefunikwa vifuniko vyake vyote, iache ipate joto la nje taratibu, jua likizama ndo unafungua. Au ihifadhi chumba kisicho na AC, shida imeisha. Usiku ukiwa mrefu umande utashuka kwenye lenzi za mbele na kwenye fainda, kile kifaa kidogo cha kulengea kinachokaa juu ya bomba, drayer ya nywele kwa moto mdogo inamaliza, kama umeme upo.

Kuitumia, fanya hivi. Mchana kabla ya usiku wa kwanza, lenga kitu cha mbali, mnara wa simu unafaa, ila uwe upande ambao jua halipo, weka kilenzi kikubwa cha milimita 25 au 20, uingize mnara katikati, afu ukaze skrubu za fainda mpaka nayo ionyeshe mnara katikati. Watu wanaruka hii hatua na usiku wanahangaika kutafuta mwezi nusu saa. Picha itakuwa imepinduka kichwa chini, ndivyo zilivyo, angani hakuna juu wala chini. Usiku siku zote unaanza na kilenzi kikubwa, unapata kitu, unaweka katikati, ndo unabadilisha kwenda kidogo. Kwenye ukuzaji wa mara 70 kitu kinavuka picha yote ndani ya dakika tatu hivi, kwa hiyo kabla hujamwita mtoto kiweke pembeni kidogo ili kiingie katikati akiwa anaangalia. Usielekeze juu ya paa la bati mapema usiku, bati linatoa joto la mchana na picha inatetemeka. Taa ya jirani ikikumulika jifunike kanga kichwani wewe na kile kilenzi, majirani watacheka, utaona mara mbili zaidi. Na wajulishe majirani mapema unafanya nini, bomba linaloelekea madirisha ya watu usiku lina maelezo marefu. Wakishajua watapanga foleni.

Jua. Hapa sitanii hata kidogo. Darubini isielekezwe kwenye jua kabisa, sekunde moja inatosha kuharibu jicho moja kwa moja na mtoto hatahisi maumivu. Mchana iwe imefunikwa na isiachwe uwani. Kama kwenye boksi utakuta kafilta keusi kadogo ka kukaza kwenye kilenzi cha jichoni kameandikwa ni ka jua, kavunje ukatupe, mwanga unafika pale ukiwa umeshakusanywa na kanaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa palepale. Filta ya jua inakaa mbele ya mdomo wa bomba, imetengenezwa kwa kazi hiyo, na imefungwa isipeperuke. Nasema haya kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua, kamili itakuwa Afrika Kaskazini, Uarabuni na Somalia, sisi tutapata sehemu tu, na kijana wako ataitaka. Wanaokumbuka ile ya Septemba 1, 2016, ya pete, kule Rujewa Mbarali, wanajua watu walivyojaa na miwani maalumu. Siku hiyo miwani ya kupatwa ivaliwe bila darubini, au kwenye darubini iwe filta ya mbele, na miwani isivaliwe kuchungulia kwenye darubini kamwe.

Ukitaka Njia Nyeupe mpeleke Kigamboni, ila pita mji wote, nenda mpaka Kimbiji au Pemba Mnazi huko, siku ambazo mwezi haupo, bahari iko mashariki kwa hiyo upande ule hamna mataa. Nenda na wenyeji au ulale sehemu inayojulikana, usisimame tu barabarani.

Picha kwa simu inawezekana, mwezi hasa. Tafuta kile kishikizo cha kubana simu kwenye kilenzi, kwa mkono utahangaika. Weka kilenzi cha milimita 25, gusa mwezi kwenye skrini afu shusha mwanga mpaka mashimo yaonekane, tumia taima ya sekunde 3 ili kidole kisitikise. Zohali itatoka kakitu kadogo kenye masikio, mwambie kijana arekodi video badala ya picha afu achague fremu iliyotulia. Nebula na galaksi kwa stendi hii usijaribu, hiyo ni darubini nyingine na hela nyingine.

Programu ya simu wekeni Stellarium, ya bure inatosha, weka eneo Dar es Salaam na uwashe ile hali ya usiku skrini iwe nyekundu. Ukishapata darubini unayoifikiria nitumie upana na fokasi yake kabla hujalipa, hivyo viwili tu, wakikataa kukutajia muuzaji mwingine yupo.